Maneno ya Shimoni

Majira yale ya baridi Thirza Rukin alibeba sepeto zaidi ya alivyobeba kikapu, naye alikuwa mwanamke aliyepita sitini, mwenye magoti yasiyopatana na milima. Sepeto halikuwa lake. Lilikuwa la mumewe, Ambrose, ambaye moyo wake ulimgomea mbele ya shimo la sungura, na daktari akamwambia kwamba akichimba tena, basi ajue analichimba la kwake. Daktari yule alikuwa na utani mbaya, lakini ujumbe ulifika.

Ambrose alikuwa mtega sungura. Katika mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, sungura ni wengi kuliko watu, na hawana habari ya ujanja wa hadithini. Kazi yao ni kula nyasi za kondoo, kuzaa, na kutoboa malisho mpaka ng'ombe anavunjika mguu. Wakulima humtaka mtu wa kuwapunguza, na katika bonde la Skelgarth mtu huyo alikuwa Ambrose tangu kabla hajaoa.

Kazi yenyewe ni ya kimya. Unakwenda na mbwa mfupi, wa aina ile waitayo teria, naye anapita akinusa mashimo moja moja. Penye sungura anasimama, mguu mmoja juu, mkia umekaza. Hapo unatandika nyavu, kila tundu na wavu wake, kisha unamwingiza kicheche wa kufugwa, mnyama mwembamba mwenye meno kama sindano, naye anashuka kuwatimua. Sungura anatoka mbio, anajitia wavuni, kwisha. Mbwa hana ruhusa ya kufanya zaidi ya kusimama. Akishuka yeye, anazisomba nyavu, sungura wanajikunyata ndani kabisa, anakutana na kicheche gizani na hakuna anayemwuliza mwenzake jina, na mara nyingi anakwama kati ya mizizi na mawe. Hapo ndipo sepeto linapoitwa.

Nyavu zote alizifunga Thirza, fundo kwa fundo. Alijifunza mwaka alioolewa, kutoka kwa mama mkwe ambaye hakuwahi kumsifu kwa lolote ila mafundo yake. Kila jioni ya baridi, kwa miaka yote ya ndoa, alikaa karibu na jiko na uzi wa katani na kijiti, akifunga. Alilea watoto wawili akifunga, wakahamia mjini akifunga, akamzika mama mkwe na kuendelea kufunga. Alichuna sungura, akaoka mikate iliyojazwa nyama ya sungura, akawapelekea wagonjwa mchuzi wa sungura. Ukimwuliza kama aliwahi kumpenda sungura hata siku moja, angekuomba usimchekeshe, mbavu zinauma.

Wanaume wa bonde lile hawasemi. Si kwamba hawana la kusema. Wanaona tu kwamba neno likishatoka halirudi, basi la nini kulitoa. Sifa yao kubwa kabisa ni "si mbaya". Fahali aliyeshinda maonyesho si mbaya. Mahubiri yaliyowaliza akina mama hayakuwa mabaya. Ambrose aliwapita wote. Siku binti yao alipozaliwa alimtazama, akamgeuza kidogo kama anayekagua mwanakondoo, akasema, "Si mbaya." Thirza alicheka mpaka mkunga akamkemea. Alikuwa kijana wakati ule, akadhani mengine yatakuja taratibu. Hayakuja. Jioni Ambrose akirudi alisukuma mlango akaita, "Upo?" naye akajibu, "Nipo," na baada ya hapo walikula.

Thirza hakulalamika. Wanawake wenzake walikuwa na waume walevi, na mmoja alikuwa na mume aliyesema sana, jambo ambalo pale lilihesabiwa kuwa baya zaidi.

Tatizo lilikuwa Midge. Jina hilo maana yake usubi, wale wadudu wadogo wa kuuma, na lilimfaa. Alikuwa mbwa jike, rangi ya mchanga, mwembamba wa mabega, mwenye kujua kunusa kuliko mbwa yeyote aliyewahi kufugwa bondeni. Na alikuwa na tabia moja tu. Alisimama vizuri, mguu juu, mkia umekaza, na pindi Ambrose alipoinama kutandika wavu wa mwisho, yeye alizama.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile ya kabla ya Krismasi. Midge alizama chini ya ukuta wa mawe katika shamba la Dinsdale Coates, akakwama. Ambrose alichimba tangu asubuhi, peke yake, ardhi ikiwa imeganda. Dinsdale alipokuja kuwatazama kondoo wake alimkuta amekaa, mgongo ukutani, midomo imebadilika rangi, mbwa yuko mapajani amemaliza kuchimbuliwa na anamlamba kidevu.

Ambrose aliporudi kutoka hospitali, Thirza alimwambia maneno machache, maana na yeye alikuwa mtu wa bonde lile.

"Sepeto sasa nabeba mimi. Na huyu mbwa akiwa bado anashuka mpaka wakati wa kondoo kuzaa, anakwenda Darlington kwa dada yangu. Nimeshaongea naye. Ana bustani ndogo, ameisakafia yote kwa saruji."

"Bila mbwa sina kazi," Ambrose akasema.

"Ukifa pia huna kazi."

Ambrose alimtazama Midge aliyelala mbele ya jiko, miguu ikimtingishika usingizini kama anayechimba. Thirza alijua kwamba amekubali, na alijua pia kwamba saruji ya Darlington itamwua mume wake polepole zaidi kuliko sepeto, lakini itamwua. Hakumtaka mbwa aende. Alitaka tu kulala usiku bila kusikiliza kama mtu wa pembeni bado anapumua.

Basi wakaanza kumfundisha. Samaki mkunje angali mbichi, na Midge alikuwa amekauka zamani. Walimfunga kamba ndefu. Kamba ikazunguka mzizi, wakawa na vitu viwili vilivyokwama badala ya kimoja. Walinyunyiza siki midomoni mwa mashimo; alipiga chafya na kuingia. Walimkaripia. Walimnyima chakula, kisha wakamhurumia wakampa maradufu, na huo ndio ukawa mwisho wa adhabu.

Dinsdale Coates, ambaye alikuwa na wazo kwa kila jambo lisilomhusu, akawashauri wamfunge fimbo ya kukingama shingoni, ndefu kuliko upana wa shimo. Baba yake aliwahi kumfanyia nguruwe hivyo asitoboe ua. Fimbo ikafungwa. Jumapili Midge akawafuata mpaka mlangoni pa kanisa nayo, na watu walipokuwa wakitoka Dinsdale akapaza sauti.

"Tazama, Ambrose! Mbwa wako amejitwika msalaba wake. Sasa kwenu yupo Mkristo mmoja."

"Ni msalaba wako wewe," Thirza akamjibu. "Yeye kauazima tu."

Watu walicheka, hata mchungaji. Jumatatu Midge alilaza kichwa upande, akaipitisha fimbo kwa ncha yake kama mtu anayeingiza ngazi mlangoni, akazama. Kule ndani fimbo ikajinyoosha ikakaza. Siku hiyo Dinsdale alichimba mwenyewe, kwa kuwa wazo lilikuwa lake, na hakuwa na utani tena mpaka Alhamisi.

Siku nyingine zote alichimba Thirza. Walikuwa na utaratibu wao. Mbwa akishazama, Ambrose alimwambia, "Nenda upande wa juu ukasikilize." Naye alipanda juu ya mashimo, akaketi ukutani na sepeto miguuni, akasubiri mumewe apunge mkono kumwonyesha pa kuchimba. Kusikiliza hakusikiliza. Kusikiliza ni kupiga magoti na kuweka sikio tunduni, na magoti yake yalikuwa na maoni yao. Alikaa tu akiangalia mabaka ya theluji, akifikiri juu ya nguo zilizolowekwa nyumbani na mgongo utakaomwuma kesho. Wakati mwingine mbwa alitoka mwenyewe. Wakati mwingine alichimbuliwa. Alichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule wa kuamka nao, ukauvaa pamoja na koti.

Februari ilipokuwa inaisha walikwenda kwenye mashimo ya nyuma ya kanisa. Midge akasimama, Ambrose akainama, Midge akazama.

"Nenda upande wa juu," Ambrose akasema.

Thirza alipanda. Ukuta upande ule ulikuwa umebomoka, hapakuwa na pa kukaa, na alikuwa hajalala usiku kucha kwa sababu Ambrose alikuwa akikohoa. Akasimama kidogo. Kisha akaona kwamba hakuna anayemtazama, akajilaza juu ya nyasi zenye baridi, mzima mzima, kama msichana wa shule, shavu karibu na tundu la juu. Mtu akipita, shauri yake.

Akasikia sauti ikitoka ardhini.

Mwanzo alidhani ni mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, laini, inayobembeleza.

"Mama wee. Mama yangu mdogo. Njoo basi. Nani kakuudhi huko? Hamna aliyekuudhi. Njoo kwangu, kipenzi, mikono hii hapa. Nitakaaje mimi bila wewe? Wewe ndiye jicho langu. Usiniache peke yangu huku juu, kuna baridi, na mimi nimezeeka."

Thirza hakusogea. Shimo lilikuwa limeyabeba maneno kutoka tundu la chini, ambako mumewe alikuwa amelala kifudifudi, mpaka sikioni mwake, bila kupunguza hata moja. Aliyasikia yote. Kulikuwa na mengine, ya kitoto, ambayo hakuyasimulia kwa mtu kamwe.

Alipozoea giza la tundu akaona kitu kinatikisika hapo karibu, si mbali kuliko urefu wa mkono. Ulikuwa mkia. Midge alikuwa ameshaingia ndani, akageuka, akajilaza kwa starehe, kichwa upande wa sauti, na ncha ya mkia wake ikipigapiga udongo polepole. Thirza alitia mkono akamgusa. Hakuwa amekwama hata kidogo. Hakuwa anafukuza chochote. Alikuwa anasikiliza, na hakupenda kukatizwa.

Basi Thirza Rukin, mke wa watu, bibi wa wajukuu watatu, alimwonea mbwa wivu. Aliona haya kumwonea mbwa wivu, na kuona haya hakukuuondoa. Alilala pale, baridi ikimpanda tumboni, akafikiri: kumbe yapo. Miaka yote alidhani hayapo. Alikuwa ameshajipatanisha na hilo, alishasema huyu ndivyo alivyoumbwa, kisima kikavu hakilaumiwi. Na kumbe kisima kina maji, ila yanateremshwa shimoni, kwa mbwa, huku yeye amepelekwa upande wa juu akasikilize.

Alilia kidogo. Kisha akajifuta, kwa sababu Ambrose alikuwa anapunga mkono.

Hakusema kitu njiani. Alisema mezani, baada ya kumkatia kipande cha pili cha mkate wa sungura, maana mwanamume wa bonde lile huambiwa jambo akiwa na chakula mdomoni asiweze kukimbia.

"Midge hashuki kufuata sungura."

"Anafuata nini basi?"

"Anashuka kukusikia wewe."

Ambrose aliacha kutafuna. "Kunisikia nikisema nini?"

"Unajua mwenyewe."

Wekundu ulianzia shingoni ukapanda mpaka masikioni. Alitazama sahani, akamtazama mbwa kama shahidi aliyemsaliti, akarudi kwenye sahani.

"Nilikutuma upande wa pili," akasema.

"Shimo lina pande mbili, Ambrose. Umelifanyia kazi maisha yako yote, na hilo hulijui?"

Thirza akaona kwamba akilisema la kwake sasa, litamfunga mdomo mume wake milele, na mbwa atakwenda kwenye saruji. Akalimeza. Alikuwa na mazoezi ya kumeza.

"Fikiri," akamwambia. "Akisimama juu, mguu umeinuliwa, amefanya kazi yote uliyomtaka, wewe unamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Kazi ni ya kimya."

"Akishuka?"

Ambrose akasukuma makombo sahanini kwa kidole.

"Basi ningekuwa yeye, na mimi ningeshuka," Thirza akasema, akainuka kuondoa vyombo.

Walikubaliana hivi: akishuka, kimya. Akisimama, maneno. La kwanza lilimtesa Ambrose vibaya. Midge alipozama kesho yake, yeye alikaa akiwa ameuma kofia yake, macho yamemtoka, akimsikilizia. Thirza alimshika bega. Baada ya kitambo mbwa alitokeza pua yenye udongo, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akarudi ndani kujaribu tena, akatoka tena. Alionekana kama mtu aliyekwenda dukani akakuta limefungwa.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Midge akasimama kwenye tundu, mguu juu. Ambrose akafungua mdomo, akaufunga, akageuka kuangalia kama kuna mtu, akajikohoza.

"Si mbaya," akasema.

Midge akazama.

"Unaona?" Thirza akasema. "Hata mbwa anajua hiyo haitoshi."

"Siwezi. Siwezi mtu akiwa anasikiliza."

"Mimi ndiye mtu?"

"Wewe ndiye hasa."

Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wa Ambrose ulikuwa nao, na ulikuwa mfupa mgumu. Thirza alimtazama, mzee wake huyu, kofia mkononi, anaomba radhi kwa kitu asichokijua jina. Angeweza kukasirika. Hakuwa na nguvu za kukasirika.

"Haya. Nageuka, naziba masikio," akasema.

Akafanya hivyo. Aligeuka akaikabili milima, akatia vidole masikioni, akavikaza kwelikweli. Mimi ningedanganya, na wewe pia, lakini yeye alikuwa amelelewa kanisani, na ahadi ni ahadi. Alisimama akisikia damu yake tu ikipiga vidoleni. Alipoguswa begani na kugeuka, Midge alikuwa bado amesimama juu ya ardhi, anatetemeka mwili mzima, macho kwa Ambrose, na kicheche alikuwa ameshaingia na kutoka.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi mwezi ule. Kila alipoinama kutandika wavu wa mwisho, mkewe aligeuka akaziba masikio, na mume akamwaga asali juu ya kichwa cha mbwa. Watu waliopita barabarani walimwona mama Rukin amesimama peke yake uwanjani vidole masikioni, na habari zikatembea kwamba wamegombana, kwamba ameugua sikio, kwamba ameanza kusikia sauti. Mara nyingine Midge alibaki juu. Mara nyingine alisahau akazama, akakuta kimya, akatoka. Thirza hakupata nafuu. Sepeto lilikuwa jepesi sasa, lakini kuziba masikio ni kazi nzito kuliko kuchimba. Kila siku alikuwa akijizuia kusikia kitu ambacho angetoa chochote akisikie, tena akijizuia kwa hiari yake.

Ikafika siku ya mwisho. Kesho yake Dinsdale angewaingiza kondoo wenye wanakondoo katika shamba lake kubwa, na baada ya hapo hakuna mbwa atakayekanyaga mle mpaka vuli. Jumapili dada mtu angefika kutoka Darlington. Thirza alikuwa amempigia simu akamwambia aje vyovyote; ataondoka na mbwa au bila mbwa, itategemea.

Shamba lile lilikuwa na mashimo makubwa kuliko yote bondeni, mteremko mzima umetobolewa, na ndipo pale pale Ambrose alipoangukia. Matundu yalikuwa mengi mno kwa watu wawili. Dinsdale akaja kusaidia.

"Hukualikwa," Thirza akamwambia.

"Shamba langu, mama. Nimejialika mwenyewe."

Walitandika karibu nyavu zote. Mteremko ulikuwa mkali, Thirza alikuwa ameshika kamba ya wavu mrefu wa kuukinga mteremko kwa mkono mmoja na sanduku la kicheche kwa mkono wa pili, na kigingi kilikuwa hakikazi. Midge alikuwa amesimama kwenye tundu la katikati, mguu juu. Ambrose akainama na wavu wa mwisho. Akainua macho amwashirie mkewe ageuke, akaona mikono yake.

"Ziba," akasema.

"Siwezi. Nikiachia, wavu unakwenda wote."

"Dinsdale, shika wewe."

"Na mimi nimeshika huku. Mna nini nyie?"

Mkia wa Midge ulikuwa umeanza kushuka. Thirza aliujua mwendo ule. Kwanza mkia, kisha mabega, kisha huna mbwa. Kichwa kilikuwa kimeshaingia mpaka masikioni. Alimtazama mume wake akimtazama mbwa, kisha akimtazama Dinsdale, ambaye angepeleka lolote mpaka kwenye mnada wa kondoo, kisha akimtazama yeye. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona na hofu kiasi kile, hata hospitalini.

"Ambrose," akasema taratibu. "Saruji."

Ambrose akapiga magoti. Akavua kofia.

"Mama wee," akasema. Sauti ilikwaruza, kisha ikafunguka. "Mama yangu mdogo. Usiende. Baki hapa na mimi, kipenzi, umefanya vizuri, hakuna aliyewahi kufanya vizuri kama wewe. Jicho langu. Nisipokuona mimi sioni kitu. Baki huku juu kwenye jua, eeh? Baki na mzee wako."

Mabega yakatulia. Kichwa kikatoka, kimejaa udongo, kikamgeukia. Midge alikaa kitako juu ya nyasi, anatetemeka, anamtazama mdomoni. Thirza akafungua sanduku kwa kidole, kicheche akateleza akaingia, na ardhi chini ya miguu yao ikaanza kugonga kwa mbio za sungura. Waliingia nyavuni huku na kule, wengi. Midge hakuondoka. Aliruka kidogo mahali alipo, akalia kwa hamu, lakini hakuondoka.

Dinsdale alikuwa amesimama mdomo wazi. Thirza akamsubiri, akiwa tayari kumrushia kigingi.

"Ambrose," Dinsdale akasema mwishowe, "ulikuwa unamwambia mbwa au unaniambia mimi? Maana nimeanza kuona haya."

"Nilikuwa namwambia mbwa."

"Basi sawa." Akajikohoza, akaangalia mbali kule kwenye kondoo wake. Kisha akaokota sungura wake, akaaga kwa kichwa, akashuka mteremko haraka kuliko kawaida yake. Inasemekana jioni ile alimwambia mkewe kwamba viazi ni vitamu, na mkewe akamwita daktari.

Walibaki wawili chini ya ukuta, na mbwa. Thirza alimimina chai kutoka kwenye chupa, akakata jibini na keki ya zabibu. Mbwa angebaki. Mume angeishi, kadiri Mungu atakavyo. Yale aliyoyahofia majira yote yalikuwa yamekwisha, naye hakupata furaha aliyoitarajia. Alipata tu nafasi ya kujua amechoka kiasi gani. Yale mengine, aliyoyameza mezani, yakapanda yenyewe kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuyazuia.

"Yana uzuri, maneno yale," akasema.

Ambrose akapuliza chai yake.

"Sikuwa nikijua kama unayo. Ningejua, ningekuwa nimekwama mahali siku nyingi. Kosa langu mimi sikuwahi kukwama. Kila ukiita upo, mimi nipo."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeweka mzigo chini, akatazama mbele, hakutazamia jibu. Alisikia Ambrose akiweka kikombe juu ya jiwe, akakiondoa, akakiweka tena. Alisikia akivuta pumzi mara mbili, kama mtu anayetaka kuinua kitu asichokijua uzito wake.

"Njoo," Ambrose akasema. Ilikuwa sauti ile ya shimoni, ila ilitetemeka vibaya. "Njoo karibu, kipenzi."

Midge aliruka kutoka alipolala, akapita katikati ya keki na chai, akampandia Ambrose mapajani na kumlamba kidevu.

Ambrose akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Akamshika mbwa ngozi ya shingo. "Si wewe," akamwambia. "Shuka wewe, sikukuita wewe."

"Mwache akae," Thirza akasema. Alikuwa analia na alikuwa anacheka, na hakujifuta. Akajisogeza juu ya nyasi, magoti yakilalamika, mpaka bega lake likagusa la mumewe. "Mwache. Sema tena."